Kituo cha Dakika Kumi: Shukrani, Imani na Wajibu wa Raia katika Mji wa North Platte

Shukrani, imani na wajibu wa raia ni mambo matatu ambayo wanasiasa, wahubiri na waandishi wa Marekani wamezoea kuyataja pamoja kila wanapousifu mji mdogo wa nchi yao, yaani ule mji wenye barabara kuu moja, makanisa kadhaa, shule moja ya sekondari na watu wanaojuana kwa majina. Sifa hizo zimerudiwa mara nyingi mno hata imekuwa vigumu kujua zina ukweli kiasi gani, na njia nzuri ya kuzipima ni kuchukua mji mmoja, kipindi kimoja na kazi moja iliyofanywa na watu wake, kisha kuuliza kazi hiyo ilitokana na nini, ilipangwaje na iliishia wapi. Mji wa North Platte katika jimbo la Nebraska unafaa kwa uchunguzi wa namna hiyo, kwa kuwa kati ya Desemba 1941 na Aprili 1946 wakazi wake, ambao walikuwa 12,000 na ushei tu, wakisaidiwa na miji na vijiji vya jirani, waliwakirimu askari wapatao milioni sita waliopita hapo kwa treni, katika kantini waliyoifungua stesheni, bila kuwatoza chochote na bila kupewa fungu lolote la serikali.

Mji huo uko magharibi ya Nebraska, mahali inapokutana mito miwili, Platte ya Kaskazini na Platte ya Kusini, katikati ya nyanda pana za majani ambako mvua ni haba na upepo ni mwingi. Uhai wake ulitokana na reli. Kampuni ya Union Pacific ilifikisha reli yake hapo mwaka 1866 ikielekea magharibi, na tangu wakati huo treni za mvuke zilizopita katika njia hiyo zilikuwa hazina budi kusimama North Platte ili zitiwe maji, zipakwe grisi na kukaguliwa magurudumu. Watu walioifuata reli hiyo walikuwa wakulima na wafugaji, wengi wao wahamiaji kutoka Ujerumani, Uswidi, Denmaki na nchi ya Wacheki, waliovutwa na Sheria ya Homestead ya mwaka 1862, ambayo ilimpa mtu ekari 160 za ardhi ya umma kwa sharti la kuishi juu yake na kuilima kwa miaka mitano. Ardhi hiyo ilikuwa imekaliwa na kuwindwa na Wapawnee na Walakota kabla ya reli kufika, nao walisukumwa nje yake katika muda mfupi sana. Jambo hilo linastahili kutajwa mapema, kwa sababu walowezi walimshukuru Mungu kwa mavuno ya ardhi hiyo kwa moyo wa kweli kabisa, na katika shukrani hizo wenyeji waliotangulia hawakutajwa. Suala la nani anahesabiwa kuwa wa ndani na nani ni wa nje litajitokeza tena mara kadhaa katika habari za mji huu.

Nafasi ya kanisa katika mji kama huo inahitaji maelezo kidogo kwa msomaji aliyezoea nchi ambazo dini na dola vina historia tofauti na ya Marekani. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanalikataza Bunge kuanzisha dini ya taifa au kuwazuia watu kufuata dini wanayoitaka. Matokeo yake yalikuwa kwamba kanisa halikuwa na ruzuku ya serikali wala kodi ya lazima, bali lilisimama au kuanguka kwa michango na nguvu za waumini wake, ambao ndio waliojenga jengo, waliomlipa mchungaji, waliotengeneza paa lilipovuja na waliopika chakula cha mazishi. Mfaransa Alexis de Tocqueville, aliyezunguka Marekani mwaka 1831 na kuchapisha kitabu chake juu ya demokrasia ya nchi hiyo katika sehemu mbili mwaka 1835 na 1840, aliona kwamba wepesi wa Wamarekani kuunda vyama kwa kila shughuli ulikuwa na uhusiano mkubwa na maisha yao ya kidini. Katika nyanda za Nebraska uhusiano huo ulionekana hasa katika vyama vya akina mama vya makanisa, Walutheri kwa chama chao, Wamethodisti kwa chao, Wakatoliki na Wapresbiteri vilevile, ambavyo vilikuwa na mwekahazina, daftari la michango, masufuria makubwa na orodha ya zamu. Yeyote aliyewahi kuona akina mama wa mtaa mmoja wa Dar es Salaam au Mombasa wakigawana kazi za msibani, huyu mchele, yule kuni, wale vyombo, hatapata shida kuuelewa mfumo huo.

Shukrani nayo ilikuwa na sikukuu yake. Siku ya Shukrani, ambayo Wamarekani huila pamoja na jamaa zao kila Novemba, huhusishwa na karamu ya mavuno iliyofanywa mwaka 1621 huko Plymouth, Massachusetts, na walowezi wa Kiingereza pamoja na watu wa kabila la Wampanoag, lakini kama sikukuu ya taifa inayofanyika kila mwaka ni zao la Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Mhariri wa magazeti ya wanawake, Sarah Josepha Hale, aliipigania kwa miaka mingi, na hatimaye Rais Abraham Lincoln aliitangaza mwaka 1863, katikati ya umwagaji mkubwa wa damu, kuwa siku ya kumshukuru Mungu na kuwaombea wajane, yatima na wafiwa. Mwaka 1967 mwanasosholojia Robert Bellah aliyaita mambo ya aina hii dini ya kiraia, akiwa na maana ya mkusanyiko wa ibada, siku kuu na maneno matakatifu ambayo taifa zima hushiriki bila kuwa mali ya kanisa lolote, kama vile kiapo cha rais, makaburi ya askari na sikukuu hiyo yenyewe. Tarehe yake iliwahi hata kuzua ubishi wa kisiasa, pale Rais Franklin Roosevelt alipoiwahisha kwa wiki moja mwaka 1939 ili wenye maduka wapate siku nyingi zaidi za mauzo kabla ya Krismasi, na baadhi ya majimbo yakakataa kumfuata. Sheria iliyomaliza ubishi huo kwa kuiweka Alhamisi ya nne ya Novemba ilitiwa sahihi tarehe 26 Desemba 1941, siku moja tu baada ya akina mama wa North Platte kufungua milango ya kantini yao.

Haikuwa jamii iliyokuwa ikitoa kutokana na wingi. Miaka ya 1930 ilikuwa imeipiga Nebraska kwa ukame, dhoruba za vumbi na anguko la bei ya nafaka, wakulima wengi walikuwa wamenyang'anywa mashamba na benki, na jimbo zima lilipoteza zaidi ya watu 60,000 kati ya sensa ya 1930 na ile ya 1940. Waliobaki walikuwa watu waliojua thamani ya yai moja. Huenda hali hiyo ndiyo inayoeleza vizuri zaidi moyo wao wa kutoa, kwa sababu mtu aliyevushwa na jirani yake mwaka wa njaa hujifunza kuiona shukrani kama deni linalolipwa kwa mtu mwingine, asiyekuwa yule aliyemkopesha.

Tarehe 7 Desemba 1941 Wajapani walishambulia bandari ya Pearl Harbor, na Marekani ikaingia vitani. Siku kumi baada ya shambulio hilo, tarehe 17 Desemba, ilivuma habari mjini North Platte kwamba Kombania D ya Walinzi wa Taifa wa Nebraska, yaani askari wa akiba wa jimbo ambao wengi wao walikuwa vijana wa mji huo na wilaya zake, ingepita kwa treni ikielekea magharibi. Watu wapatao 500 walikwenda stesheni katika baridi kali wakiwa na vikapu vya vyakula, sigara na zawadi za Krismasi, wakasubiri kwa saa nyingi. Treni ilipofika ilibeba Kombania D kweli, lakini ya jimbo la Kansas. Kulikuwa na kimya cha muda, wazazi wakitazamana na vijana wasiowajua, kisha zawadi zote zikapitishwa madirishani kwa watoto wa watu wengine. Historia nzima iliyofuata imo ndani ya dakika hizo chache, kwa maana kitu kilichoandaliwa kwa ajili ya mwana wa nyumbani kilipewa mgeni, na waliotoa waligundua kwamba walirudi makwao bila majuto.

Miongoni mwao alikuwamo msichana aliyekuwa mwuzaji katika duka la dawa, Rae Wilson, ambaye kaka yake alikuwa mkuu wa ile Kombania D ya Nebraska isiyofika. Kesho yake gazeti la mji, Daily Bulletin, lilichapisha barua yake akipendekeza kwamba mji uanzishe kantini ya kuzipokea treni zote za askari na akijitolea kuisimamia yeye mwenyewe bila ujira. Rais wa Union Pacific, William Jeffers, ambaye alikuwa mzaliwa wa North Platte na aliyeanza kazi ya reli akiwa kijana mdogo, alikubali stesheni itumike. Krismasi ya mwaka 1941 askari wa treni ya kwanza walipokewa, na tangu siku hiyo hakuna treni ya askari iliyosimama hapo bila kupokewa hadi tarehe 1 Aprili 1946. Afya ya Rae Wilson haikumruhusu kuendelea kwa muda mrefu, na uongozi ukachukuliwa na Helen Christ, mke wa mfanyakazi wa reli, aliyeubeba mzigo huo hadi mwisho.

Wepesi wa kuanzisha kitu kama hicho unaeleweka, kwa kuwa vita huamsha hisia na Krismasi huzidisha. Kinachotaka maelezo ni namna kilivyodumu kwa miaka minne na zaidi, siku saba kwa wiki, kuanzia treni ya alfajiri hadi ile ya usiku wa manane. Siku zilipokuwa na msongamano, treni zilizofika ziliweza kuwa zaidi ya ishirini, zikiwa na askari 3,000 hadi 5,000, na kila treni ilisimama kwa dakika kumi au zaidi kidogo, muda uleule uliohitajiwa na mafundi kuihudumia injini. Katika dakika hizo vijana mamia kadhaa walipaswa kushuka, kukimbia hadi ukumbini, kupewa kahawa, maziwa, sandwichi, mayai ya kuchemsha, keki na matunda, kuchukua gazeti au kadi ya kuandikia nyumbani, na pengine kucheza muziki wa piano kwa nusu wimbo, kabla ya filimbi kulia. Kwa kuwa safari za jeshi zilikuwa siri, wafanyakazi wa reli waliwaarifu akina mama kwa fumbo, wakisema tu kwamba kahawa imekwisha kubandikwa motoni, na waliosikia walijua kwamba treni iko karibu.

Siri ya kudumu kwake ilikuwa zamu. North Platte peke yake isingeweza kuibeba kazi hiyo, na kwa hiyo miji na vijiji vipatavyo 125 vya Nebraska, pamoja na vingine vya ng'ambo ya mpaka katika jimbo la Colorado, viligawana siku za mwezi, na ndani ya kila kijiji siku hiyo iligawanywa tena kwa makanisa, shule, vyama vya wakulima na vyama vya wake wa askari wastaafu. Kijiji kilichopewa siku yake kilianza kuweka akiba wiki kadhaa kabla, kuku wakachinjwa, mikate ikaokwa usiku kucha, na alfajiri magari yakaondoka yakiwa yamejaa, baadhi yakisafiri zaidi ya kilomita 150. Inakadiriwa kwamba wanawake wapatao 55,000 walifanya kazi katika kantini hiyo kwa wakati mmoja au mwingine. Wanaume nao waliingia porini kuwinda ndege wa jamii ya kwale waliojaa katika mashamba ya mahindi ya Nebraska, na sandwichi za nyama ya ndege hao zikawa sifa ya kituo hicho. Wapo askari waliozikumbuka hadi uzeeni kuliko walivyokumbuka majina ya makamanda wao.

Hesabu za kantini zinasaidia kuondoa ukungu wa hadithi. Katika mwezi mmoja, Machi 1945, zililiwa biskuti zaidi ya 40,000 na mayai ya kuchemsha zaidi ya 30,000. Fedha taslimu zilizokusanywa katika miaka yote zilizidi kidogo dola 137,000, kiasi ambacho, kikigawanywa kwa askari milioni sita, hakifiki senti tatu kwa mtu, na hiyo ndiyo dalili kwamba sehemu kubwa ya gharama ililipwa kwa vyakula na jasho. Serikali kuu haikutoa kitu, ingawa Rais Roosevelt alituma hundi ya dola tano. Wananchi walifanya minada, dansi na makusanyo ya vyuma chakavu, na mvulana mmoja mdogo akapata umaarufu kwa kulipiga mnada shati alilovaa, kisha jingine na jingine, katika minada ya mifugo, fedha zote akizipeleka kantini. Ikumbukwe pia kwamba kuanzia mwaka 1942 sukari, kahawa na petroli viliuzwa kwa mgawo, yaani kila familia ilipewa kuponi za kiasi maalumu na haikuweza kununua zaidi hata ikiwa na fedha. Keki ya siku ya kuzaliwa aliyokabidhiwa askari ambaye siku yake iliangukia safarini ilikuwa na maana kwamba familia fulani, mahali fulani mashambani, ingekunywa kahawa chungu mwezi huo, na keki za namna hiyo zilitolewa kila siku.

Hapo ndipo imani ilipofanya kazi yake hasa. Kantini haikuwa shughuli ya kuhubiri, haikumwuliza askari dini yake wala kumtaka asali kabla ya kula, na madhehebu ambayo Jumapili yalikuwa hayaabudu pamoja, wala hayakuwa tayari kuozana bila manung'uniko, yalisimama nyuma ya meza moja Jumatatu. Makanisa yalitoa kitu cha kawaida zaidi na cha thamani zaidi kuliko mahubiri, yaani utaratibu uliokuwa tayari, watu waliozoea kuitwa na kuitika, na aibu ya kukosa zamu mbele ya watu ambao mtu angeketi nao benchi moja Jumapili inayofuata. Yapo maandishi ya kidini yanayoeleza shukrani kama hali ya moyo, na bila shaka ni hali ya moyo, lakini moyo huchoka baada ya wiki tatu za kuamka usiku kuchemsha mayai. Orodha iliyobandikwa ukutani mwa kanisa haichoki upesi namna hiyo.

Wapo waliofanya kazi hiyo wakiwa na majonzi. Kati ya akina mama wa kantini walikuwamo waliopata telegramu ya Wizara ya Vita kuwaarifu kwamba mtoto wao ameuawa, na inakumbukwa kwamba baadhi yao walirudi kwenye meza baada ya siku chache, kwa hoja kwamba mwanao hawezi tena kusaidiwa lakini wa mwingine anaweza. Ni vigumu kupata maelezo bora ya mahali ambapo shukrani, imani na wajibu vinagusana. Askari kwa upande wao walishukuru kwa barua, zilizoendelea kufika North Platte kwa miaka mingi baada ya vita, nyingi zikisema jambo moja, kwamba walikuwa wameacha nyumbani, hawakujua wanakopelekwa, na mtu asiyewajua akawatazama kwa dakika kumi kama binadamu. Wasichana walizoea kuficha karatasi zenye majina na anwani zao ndani ya mabonge ya bisi zilizopikwa kwa sukari, na kutokana na bisi hizo zilizaliwa barua, na kutokana na barua hizo ndoa kadhaa.

Sifa hizi zote ni za kweli, na mwandishi anayeishia hapo hatakuwa amesema uongo, ila atakuwa ameuacha nje upande mmoja wa mji huohuo. Tarehe 13 Julai 1929, miaka 12 kabla ya kantini kufunguliwa, mtu mweusi alimwua polisi mweupe mjini North Platte, na kabla ya siku kuisha kundi la watu weupe lilizunguka mitaani likiwaamuru wakazi wote weusi waondoke. Watu wapatao 200, ambao hawakuwa na uhusiano wowote na mauaji hayo, walikimbia wakiwa na vitu walivyoweza kubeba. Katika miaka ya vita askari weusi waliopita hapo walihudumiwa kwenye meza ileile na wenzao weupe, jambo lisilokuwa dogo wakati jeshi lenyewe liliwatenga katika vikosi vyao hadi amri ya Rais Harry Truman ya mwaka 1948. Lakini askari mweusi aliyepewa keki North Platte alikuwa na dakika kumi tu, na hakuna aliyemwuliza kama angependa kubaki.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na chimbuko la kantini. Kasisi Hiram Hisanori Kano, Mjapani aliyefika Marekani mwaka 1916 na kusoma kilimo katika Chuo Kikuu cha Nebraska, alikuwa akiwahudumia wakulima wenye asili ya Japani katika magharibi ya jimbo hilo chini ya Kanisa la Episcopal, yaani tawi la Kianglikana la Marekani, akiwafundisha Kiingereza, uraia na Injili kwa pamoja. Jumapili ya tarehe 7 Desemba 1941 alikamatwa mjini North Platte baada ya ibada, akafungwa katika kambi za mahabusu kwa zaidi ya miaka miwili, bila kosa lolote kuthibitishwa dhidi yake. Ndani ya kambi aliendelea kufundisha. Sheria ya Marekani haikumruhusu Mjapani aliyezaliwa ng'ambo kuwa raia hadi mwaka 1952, na Kano, ambaye alikuwa amewafundisha wengine wajibu wa raia kwa robo karne, alipata uraia mwaka 1953. Kati ya kukamatwa kwake na kupita kwa Kombania D kulikuwa na siku kumi. Mji uliojifunza kumpokea mtoto wa Kansas kama wake haukuwa na la kufanya, au haukujua la kufanya, kwa kasisi aliyekuwa akihudumu katikati yake.

Wajerumani wa Nebraska walikuwa wameonja mapema kuhesabiwa watu wa nje. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1919, bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kupiga marufuku kufundisha watoto wadogo lugha yoyote isipokuwa Kiingereza, sheria iliyolenga hasa shule za makanisa ya Kilutheri, na mwalimu Robert Meyer akatozwa faini kwa kumsomesha mtoto kwa Kijerumani. Mahakama Kuu ya Marekani iliifuta sheria hiyo mwaka 1923. Kwa familia kama hizo, kupeleka mikate stesheni miaka 20 baadaye kulikuwa kumshukuru Mungu na taifa, na papo hapo kulikuwa kuuthibitishia umma kwamba wao ni raia waaminifu. Wajibu unaotimizwa kwa hiari na ule unaotimizwa chini ya macho ya majirani huonekana sawa kwa mtu anayekula sandwichi, na haifai kuutukuza mmoja na kujifanya mwingine haukuwapo.

Kantini ilifungwa tarehe 1 Aprili 1946, askari wengi walipokuwa wamekwisha kurudi makwao. Union Pacific iliacha kusafirisha abiria mwaka 1971, na mwaka 1973 jengo la stesheni likabomolewa, kitendo ambacho wazee wengi wa mji walikisikitikia na ambacho ni vigumu kukitetea. Hata hivyo desturi haikufa pamoja na matofali. Mwaka 2018 msafara wa mabasi uliwapitisha mamia ya askari wa Walinzi wa Taifa wa Arkansas njiani, na mji ulipoombwa kuwapa mahali pa kupumzikia na kula, watu walijitokeza kwa vyakula, mabango na keki, wakifuata nyayo za wale wa mwaka 1941.

Lakini urithi wa kantini unajaribiwa zaidi mahali pengine katika bonde hilohilo. Takriban kilomita 95 mashariki ya North Platte uko mji wa Lexington, ambao tangu kiwanda cha nyama kufunguliwa hapo mwaka 1990 umekuwa mji wa wahamiaji, kwanza kutoka Meksiko na Amerika ya Kati, kisha Wasomali, wakiwamo waliokulia katika kambi za wakimbizi za Dadaab na Kakuma nchini Kenya. Kundi la Waislamu wa mji huo liliingia katika mvutano mrefu na halmashauri juu ya kutumia jengo la katikati ya mji kama msikiti, hoja ya halmashauri ikiwa ni uhaba wa maegesho ya magari. Mwezi Novemba 2025 kampuni ya Tyson, mmiliki wa kiwanda hicho cha nyama, ilitangaza kwamba kingefungwa Januari 2026, na watu wapatao 3,200 wangepoteza ajira katika mji wenye wakazi wanaozidi kidogo 10,000. Treni ya mwaka 1941 ilidai dakika kumi za ukarimu kwa mgeni aliyekuwa akiondoka. Lexington inadai ukarimu kwa watu waliokwisha kuwa wenyeji, na hilo ni dai kubwa zaidi.